Kutibu Maji Bila Kuyatibua

Kisima kilicho nyuma ya nyumba tunayopanga Kisauni, Mombasa, kina maji ya kung'aa. Ukiwahi alfajiri, kabla watu hawajaanza kugombea kamba, unateka ndoo na unaiona chapa ya kiwanda iliyo chini yake. Hayanuki. Chumvi yake ni ya kadiri, ya kukufanya uongeze kijiko cha sukari kwenye chai, basi. Kwa hiyo vijana wa mtaa walipokuja na vichupa vyao vya kupimia, tuliwapa maji kwa upole wa watu wanaojua jibu. Wakajaza kichupa, wakakifunga, wakaniachia nikiweke kabatini. Kesho yake baada ya magharibi nilipofungua kabati, kichupa kilikuwa cheusi kama wino wa ngisi.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kinapendwa na vikundi vya kujitolea kwa sababu hakitaki maabara wala umeme. Ndani ya kichupa mna dawa inayogeuka nyeusi ikikutana na ile gesi ya harufu ya yai viza, ambayo hutolewa na bakteria wengi wanaokaa matumboni mwa watu na wanyama. Hakikuambii ni bakteria gani wala ni wangapi, na mara nyingine maji ya ardhini huwa na gesi hiyo bila choo kuhusika. Lakini katika mtaa ambao kila ploti ina kisima na choo cha shimo, weusi ule ni shaka ya kutosha.

Jirani yangu, mama aliyekunywa maji ya kisima hicho tangu alipoolewa, aliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Haya, tutie dawa gani?"

Kijana aliyeshika daftari akajibu, "Subiri kwanza, mama. Tujue yanaumwa nini."

Nimeanza na jibu hilo kwa sababu ndilo linalokosekana mara nyingi. Lugha yetu ina neno moja, kutibu, kwa mgonjwa na kwa maji. Hakuna tabibu anayeigawia foleni nzima kidonge cha aina moja bila kuuliza nani anaumwa wapi. Kwenye maji hufanyika. Kikundi cha kujitolea, cha hapa au cha ng'ambo, huja na kifaa kimoja kizuri, hukifunga, hupiga picha, huaga. Mwaka ukipita, kifaa kimekuwa stendi ya kuanikia nguo.

Maji ya watu wa hapa yanaweza kuugua maradhi ya namna nne: vijidudu, tope, chumvi na sumu. Dawa ya moja si dawa ya jingine, na dawa moja yaweza hata kulizidisha jingine.

Mwamba usiochuja

Mombasa imekaa juu ya matumbawe ya kale. Kwenye udongo wa kawaida, maji yanayopenya polepole katikati ya mchanga na mfinyanzi huchujwa njiani. Jiwe letu lina nyufa na matundu. Masika ikipiga, maji ya juu hufika kisimani upesi, na yaliyomo chooni hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kisima cheupe pee kinaweza kuwa na kinyesi ndani yake: mwamba umezuia tope, umeachia vijidudu.

Chini ya hayo kuna bahari. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu ya yale yaliyoingia ndani ya mwamba. Kanuni ya wataalamu inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama neema mpaka uisome kinyumenyume: ukivuta hadi ukashusha mita 1 ya juu, bahari inapata nafasi ya kupanda kuelekea mita 40. Mwenye nyumba anayefunga pampu kubwa ili auzie mtaa mzima asishangae baada ya miaka michache chai inapomshinda. Tatizo hilo si la jana. Ndani ya Fort Jesus kuna kisima ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, na kuna birika la kukingia mvua. Wakubwa wa ngome, na mizinga yao, walikunywa mvua.

Na mfereji? Maji ya bomba ya Mombasa yote hutoka nje ya kisiwa: chemchemi ya Mzima huko Tsavo, ambayo bomba lake la takriban kilomita 220 lilikamilika katika miaka ya 1950, Marere katika milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Hayatoshi, kwa hiyo kuna mgao. Wengi hawajui kwamba mgao wenyewe huchafua. Bomba likiwa limejaa, maji husukuma kwenda nje kwenye kila tundu. Bomba likiwa tupu, tundu hilo hilo huvuta ndani maji machafu yaliyolizunguka, hasa jirani akiwa amefunga pampu ya kunyonya. Maji yaliondoka yalikotoka yakiwa na klorini, dawa ya kuua vijidudu, yakafika kwako bila kitu.

Baki ni mkokoteni. Mtungi wa lita 20 unaokujia mlangoni kutoka kwa muuzaji unaweza kuwa umejazwa kwenye mfereji, kwenye boza, lile lori la maji, au kwenye kisima cha mtu, na wewe huna njia ya kujua isipokuwa ulimi. Ulimi unajua chumvi. Kipindupindu haukijui.

Wagonjwa wawili wa kupewa rufaa

Chumvi na sumu nitayapita haraka, kwa sababu ndoo na mtu wa kujitolea haviyawezi, na ni heri kusema hivyo mapema.

Kuchemsha maji ya chumvi ni kuyaongeza chumvi: mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Klorini haiigusi, chujio la mchanga haliigusi. Kinachoitoa ni mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kubwa kwenye utando wenye matundu madogo mno, kama ule wa nishati ya jua uliojengwa Kiunga, kaunti ya Lamu, na shirika la GivePower mwaka 2018. Ni kazi nzuri, ila inataka fundi, vipuri na ofisi ya kukusanya fedha. Mvua ya bati la msikiti ni nafuu zaidi, na watu wa pwani hii wameijua kwa karne nyingi.

Sumu ni mbaya zaidi kwa kuwa haionjeki. Kule Owino Uhuru, Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi ardhini na damuni mwao. Mwanaharakati Phyllis Omido alipigania jambo hilo hadi akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kwenye rufaa. Mtu aliyetia dawa kwenye mtungi katika mtaa wa namna ile aliua bakteria, risasi haikupungua hata chembe. Hapo kikundi cha kujitolea kinafaa kwa kupeleka sampuli maabara na kupiga kelele, si kwa kugawa vichupa.

Tope halitusumbui sana visimani, hutusumbua kwenye maji ya mto na ya boza baada ya mvua. Wazee walitia shabu: unaikoroga kidogo, tope linashikana na kuzama. Mbegu za mlonge zilizotwangwa hufanya kazi kama hiyo, na akina mama wa Sudan wamezitumia tangu zamani kusafisha maji ya Nile. Ila mbegu huacha chakula cha bakteria ndani ya maji, kwa hiyo yasilazwe. Tope lina ubaya mwingine: hula klorini. Ukitia dawa kwenye maji yaliyotibuka, dawa inamalizika kwa kupambana na tope kabla haijamfikia adui.

Vijidudu, na kifuniko cha chupa

Hapa ndipo watu wa kawaida wanaweza mengi. Kuchemsha huua vyote, ila makaa yana bei yake, na mwenye vyumba viwili na watoto watano hachemshi maji ya siku nzima, usimdanganye kwenye warsha. Jua pia hutibu: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ikilazwa juu ya bati saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Njia hiyo ilichunguzwa Beirut, kisha ikajaribiwa hapa Kenya kwa watoto wa Kimaasai, matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Ni ya bure. Ni ya lita chache pia.

Machujio yana historia ya kuvutia. Chungu cha kuchujia kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos: udongo huchanganywa na vumbi la mbao, ukichomwa vumbi linaungua na kuacha vitundu, kisha chungu hupakwa madini ya fedha ya kuua bakteria. Aliyekieneza ni Mmarekani Ron Rivera wa shirika la Potters for Peace, na ninampenda kwa jambo moja: hakupeleka vyungu, alikwenda kuwafundisha wafinyanzi wa kila nchi wavifinyange wenyewe. Alifariki mwaka 2008 kwa malaria aliyoipata akiwa kazini Nigeria. Chungu hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, na kikipata ufa hakionyeshi, kinaendelea kutoa maji kama kawaida. Chujio la mchanga, ambalo David Manz alilitengenezea matumizi ya nyumbani huko Calgary, Kanada, ni pipa la mchanga lenye utando wa vijidudu vyema juu yake vinavyokula vibaya. Utando huo huchukua wiki kadhaa kukomaa, na ukiuacha ukauke unakufa. Msafi wa nyumba akiamua kuusugua, ameua tabibu.

Klorini ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Chukua dawa ya dukani yenye nguvu ya asilimia 1.2, kama WaterGuard. Kila mililita ina miligramu 12 za klorini. Kifuniko cha mililita 3 kina miligramu 36. Ukizigawa kwa lita 20 unapata takriban miligramu 1.8 kwa lita, ambayo ndiyo dozi ya maji maangavu. Maji yenye ukungu hutiwa maradufu. Kichupa cha mililita 150 kinatibu mitungi 50, yaani lita 1,000.

Halafu unangoja nusu saa. Sehemu hii ndiyo watu huiruka. Klorini inahitaji muda, na haimalizi kila kitu: kuna vimelea vyenye gamba gumu visivyoijali, ambavyo moto huvimaliza. Baada ya nusu saa lazima ibaki kidogo, kwa sababu mabaki hayo ndiyo mlinzi wa mtungi hadi kesho. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanaponywewa. Vijana wetu hupima kwa kidonge: kikiyeyuka, maji yanageuka waridi, unalinganisha rangi na kadi. Siku ya kwanza, kifuniko kimoja kwenye maji ya kisima chetu kiliacha rangi isiyoonekana. Uchafu ulikuwa umeila dawa yote. Tulihitaji viwili. Kama wangetugawia chupa na kuondoka, tungekuwa tunanusa klorini saa tatu asubuhi na kunywa vijidudu adhuhuri. Joto letu nalo hupunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo ile iliyokaa miezi juu ya rafu yenye jua ni maji ya bei ghali.

Malalamiko makubwa ni harufu. "Maji yananuka hospitali," jirani yangu alisema, akasukuma kikombe. Bibi yangu alikuwa akifukiza mtungi wa udongo kwa ubani kabla ya kutia maji, nasi tulidhani hiyo ndiyo kusafisha. Ubani hauui kitu. Lakini mama yule alipotia maji yenye dawa kwenye mtungi uliofukizwa, hakulalamika tena, na hakuna mtaalamu aliyemfundisha hilo.

Mtungi huo una kasoro moja, nayo ni kata. Kila mkono unaoitumbukiza kata unaingiza ulichoshika. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011 uliangalia chemchemi zilizojengewa vizuri: uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, ila ndani ya nyumba ulipungua kwa 24 tu. Faida kubwa ilipotelea njiani, baina ya chemchemi na kikombe. Ndoo yenye kifuniko na mfereji wake ubavuni huokoa zaidi kuliko chujio lenye majina marefu.

Nani atajaza kesho

Miongoni mwa waliofanya utafiti huo alikuwamo Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule Kenya kama mtu wa kujitolea na ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Walijaribu pia kuuza klorini ya chupa kwa bei ya chini. Karibu nyumba moja katika kumi ndiyo iliyotumia. Kisha wakafunga tangi dogo la klorini palepale pa kutekea maji, unageuza kifundo, dozi moja inashuka kwenye mtungi, bure. Zaidi ya nusu wakatumia. Kila tangi lilikuwa na mtu wa kijiji aliyechaguliwa na wenzake kulijaza na kuwakumbusha watu. Wengi huisimulia hadithi hiyo kama ushindi wa tangi. Mimi naisoma kama ushindi wa mtu wa kujaza, na nina sababu: jaribio kubwa la Bungoma, Kakamega na Vihiga, lililochapishwa mwaka 2018, lilitumia matangi hayo hayo na halikuona kuhara kukipungua. Wakati huo huo, uchambuzi uliokusanya majaribio ya nchi nyingi ulikadiria kwamba kutibu maji hupunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 kwa takriban robo. Matokeo hayo mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Dawa isiyotiwa kila siku haiwezi kupimwa kama dawa.

Wapwani hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Miaka ya 1980, ng'ambo ya kivuko, Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu ya mkono iliyokuja kuitwa Afridev, iliyoundwa ili mwanakijiji aifungue kwa spana moja na kubadilisha vipuri mwenyewe. Akina mama walifunzwa kuzitunza. Pampu ikaenea Afrika na Asia. Lakini kujitolea kuna mwisho wake: mtunzaji anahama, anazaa, anachoka, kipuri kiko mjini. Miaka ya karibuni, huko huko Kwale na Kitui, kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix imekuwa ikilipwa ada ndogo na watumiaji ili itengeneze pampu zikiharibika, na pampu iliyokuwa ikilala karibu mwezi sasa hurudi kazini kwa siku chache. Kujitolea kulianzisha kazi, malipo yakaiendeleza. Serikali imekiri hivyo pia: mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000 walipewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni kidogo, ila kabla ya hapo kwa wengi ilikuwa shukrani tu.

Kwetu kuna suala jingine ambalo wageni hawalioni. Visima vingi vya mitaa ya Mombasa ni sadaka jariya. Jina la marehemu limeandikwa ukutani, Mungu amrehemu. Wafadhili hupenda kuchimba. Sijaona bado ubao ulioandikwa kwamba fulani alilipia klorini ya mwaka mzima au kiwambo cha pampu, na hali jariya maana yake ni yenye kutiririka, isiyokatika. Niliwahi kumuuliza imamu wetu kama kununua dawa ya kisima kilichochimbwa na mwingine kuna thawabu. Alicheka, akaniuliza nimekuja na kiasi gani.

Sasa pale kisimani pana daftari, limefungwa kwa uzi kwenye msumari, ndani ya mfuko wa plastiki. Kila nyumba ina siku yake: kutia dawa kwenye tangi la pamoja, kungoja, kupima, kuandika rangi. Waridi hafifu, waridi, waridi iliyokoza. Juzi kijana wa daftari alipitisha kidole chake kwenye safu ya wiki nzima, akasimama Jumapili. Palikuwa patupu.

"Jumapili zamu ya nani?" aliuliza.

Jirani yangu akaninyooshea kata.